Nina filamu tatu ambazo hazikuisha: je, nizisuke ziwe moja?

Msomaji wa Wete, Pemba, ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu watano tumekuwa tukipiga filamu za kutisha tangu tuko skuli. Tunazo tatu na hakuna hata moja iliyofika mwisho. Moja ni ya mwenye gari la ng'ombe aliyepakia abiria usiku, lakini kijana aliyeigiza amekwenda Muscat kufanya kazi. Ya pili ni ya bi harusi na kisima, hiyo tuliishiwa pesa. Ya tatu ni ya mlinzi wa shamba la mikarafuu, na diski ya kompyuta ilikufa na nusu ya sauti yake. Karibuni nimeona filamu ya zamani ya Kimarekani, Night Train to Terror, yenye hadithi tatu ndani ya treni, nikasoma kwamba nayo ilitengenezwa kwa mabaki ya filamu nyingine. Nataka nifanye vivyo hivyo, ila badala ya treni niweke meli ya usiku kutoka Unguja kuja Pemba. Itawezekana? Na kwa nini filamu ile hakuna anayeijua?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na klipu ulizonitumia nimezitazama zote kwa usiku mmoja. Umeuliza mambo mawili lakini jibu lake ni moja: ukishajua treni ile iliumia wapi, utajua na wewe ukate wapi na uache wapi.

Kwanza tuiweke wazi historia yake, maana wengi huiona ni kichekesho tu na hawaulizi ilizaliwaje. Ilitoka mwaka 1985. Ndani ya behewa wamekaa wazee wawili wenye heshima zao, mmoja ni Mungu na mwingine ni Shetani, wanashindana roho ya nani iende wapi. Behewa jengine limejaa vijana wa bendi wanaocheza na kuimba wimbo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, hawajui kwamba treni yao haitafika. Katikati ya mazungumzo ya wazee wale ndipo zinapoingizwa hadithi tatu. Na hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyopigwa kwa ajili ya treni.

Hadithi hizo huitwa kwa majina ya wahusika wake. Ya Harry Billings ilikuwa filamu ya mwongozaji John Carr iliyokwama njiani, Scream Your Head Off. Ya Gretta Connors ilikatwa kutoka Death Wish Club, ya Carr huyohuyo. Ya Claire Hansen ilikatwa kutoka Cataclysm ya mwaka 1980, nayo peke yake ilikuwa imeshapita kwenye mikono ya waongozaji watatu. Kisha akaja Jay Schlossberg-Cohen akapiga sehemu ya treni na kuzifunga zote kwa kamba hiyo. Kitu pekee kilichozipitia zote ni kalamu ya mwandishi mmoja, Philip Yordan, mtu aliyewahi kupata Oscar kwa hadithi ya filamu Broken Lance ya mwaka 1954. Hilo la mwandishi mmoja nitalirudia chini, kwa sababu lina habari ya karatasi na haki, na kwenye barua yako sikuona hata neno moja juu ya karatasi.

Sasa tazama walivyokata. Cataclysm ilikuwa filamu kamili, ya muda wa kawaida wa sinema. Ndani yake kuna daktari mwanamke mcha Mungu, mume wake ameandika kitabu cha kusema Mungu amekufa, na kuna mzee aliyenusurika mateso ya Wanazi ambaye siku moja anaona sura ya kijana tajiri na kutambua kwamba ni yule yule aliyemtesa, hajazeeka hata siku moja. Hadithi kama hiyo hofu yake iko kwenye subira. Lazima ukae na yule mzee, umuone anavyotetemeka, umuone anavyodharauliwa na kila anayemweleza, mpaka na wewe uanze kumuogopa yule kijana. Ndani ya treni hadithi yote ile imebanwa ikawa kama nusu saa. Mzee anamtambua adui yake, mzee anakufa, na mtazamaji hajapata hata nafasi ya kumzoea. Ya Gretta ndiyo iliyoumia zaidi. Kilichobaki ni michezo ya watu wanaochezea mauti: mdudu mwenye sumu anayeachiwa ndani ya chumba, umeme, na tufe zito la kubomolea majumba linalobembea juu ya watu waliolala. Kwa nini mtu mwenye akili zake akubali kukaa ndani ya chumba kile, jibu lake limebaki kwenye filamu ya mwanzo.

Na pale waliposhindwa kabisa kuziba, waliingiza mazimwi ya udongo yaliyosogezwa fremu kwa fremu. Mtu unamuona ni mtu, shoti inayofuata ni kidoli. Mimi siwacheki. Nilianza kazi hii ya kuhariri filamu enzi za mikanda ya VHS, na najua jinsi mhariri anavyokaa saa nane za usiku mbele ya shimo lisilozibika, pesa zimekwisha, na mwenye filamu anamwambia "weka chochote". Wale waliweka udongo. Lakini shimo linabaki shimo, na jicho la mtazamaji linaliona kabla hajajua ameona nini.

Umeuliza kwa nini haijulikani. Naona sababu kubwa ni kwamba haikuwa na mwenyewe. Ina majina matano ya waongozaji, na asilimia kubwa ya picha zake zilipigwa na watu waliokuwa na ndoto nyingine kabisa. Filamu inahitaji mtu wa kusimama mbele ya watu na kusema hii ni yangu, nilikusudia hivi. Hata hivyo haikufa. Imesafishwa na kutolewa upya kwenye diski, na wapo wanaoipenda kwa dhati. Mimi ni mmoja wao, na ninachokipenda ni treni. Wazo la wazee wawili kubishana juu ya watu ni wazo zuri, linaipa kila hadithi swali lake: huyu anakwenda wapi?

Kasoro ya treni ni moja, na hiyo ndiyo nataka uishike. Wale wazee wanajua kila kitu. Wasimulizi wao ni Mungu na Shetani. Kwa hivyo kila penye pengo, mtazamaji anajiuliza: mbona nanyi hamjui? Anayejua yote hana ruhusa ya kuruka. Lakini akisimulia mtu wa kawaida, aliyeona nusu na nusu ameambiwa, pengo lile lile linakuwa giza, na giza ndilo tunalolitaka kwenye filamu ya kutisha. Wewe una hadithi tatu zenye mapengo. Usitafute msimulizi wa juu ya mbingu, tafuta mtu aliyekuwepo.

Kwa hivyo hili la Mungu kuigizwa tuliweke pembeni mara moja. Hujalisema, lakini ulipoandika "vivyo hivyo" moyo wangu ulishtuka. Kwetu sisi Mwenyezi Mungu hachezwi na muigizaji aliyevaa suti. Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni halitaipitisha, na hata lingepitisha, mama zako hapo Wete wasingekaa kuitazama.

Na meli, mwanangu, usiiweke. Hapa nasema kwa uzito wote. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikiwa njiani kwenda Pemba. Mwaka mmoja haukutimia vizuri, Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe. Huko kwenu kuna nyumba nyingi zenye mtu aliyebaki baharini. Wewe ulikuwa mdogo, labda hukumbuki watu walivyosimama pwani ya Nungwi wakisubiri. Ukionesha meli ya usiku, taa, abiria wamelala juu ya mizigo, na mtazamaji akajua kwamba haitafika, hutakuwa umemtisha. Utakuwa umemfungua kidonda mtu aliyelipa kiingilio. Treni ya Marekani inaweza kuanguka alfajiri kwa sababu ni treni ya kuchezea, nayo inaonekana kabisa ni ya kuchezea. Meli yetu ina majina ya watu ndani yake.

Sasa nikupe badala yake. Kaa na wazee waliokuwa watu wazima mwaka 1995. Waulize habari za popobawa, kile kiumbe kilichosemwa kuwavamia watu usiku wakiwa wamelala. Watakueleza kwamba hofu ilianza Pemba ikaja Unguja, na kwamba watu waliacha kulala majumbani. Familia nzima ilitoka nje, mikeka na majamvi yakatandikwa uwanjani, moto ukawashwa, watu wakakesha pamoja mpaka alfajiri. Na watakueleza jambo moja ambalo kwa mwandishi wa filamu ni dhahabu: ilisemwa kwamba aliyefikwa lazima aseme. Akinyamaza, hurudiwa. Yaani kusimulia kulikuwa kinga.

Huo ndio uzi wako. Uwanja, moto, mikeka, watu saba au wanane wanaoogopa kuingia ndani. Lazima kila mmoja aseme lililomfika. Anaanza mmoja, hadithi ya kwanza. Anafuata wa pili. Na tangu mwanzo kuna mtu mmoja kwenye duara hilo, kajifunika kanga mpaka mabegani, ambaye hajasema kitu. Mtazamaji atamhesabu mwenyewe, huna haja ya kumuonesha kwa kidole. Unaona tofauti? Kwenye treni hadithi zimepangwa kama mabehewa, moja ikitolewa nyingine zinaendelea na safari. Hapa kila anayesema anapunguza idadi ya walionyamaza, na usiku unasogea.

Nakuomba ulishike jambo hili kwa mikono miwili ya adabu. Yale hayakuwa mchezo. Watu waliumia, walioaibika walikuwepo, na mjini Unguja mtu mmoja aliuawa na kundi la watu waliodhani ndiye popobawa. Alikuwa mgonjwa wa akili. Usimuoneshe popobawa hata kivuli chake, na usimtaje mtu wa kweli. Tumia usiku ule, hofu ile ya kulala nje, basi. Hadithi zenyewe ziwe zako: gari la ng'ombe, kisima, mikarafuu.

Na msimulizi wa kibinadamu atakusaidia kwenye vidonda vyako vyote vitatu. Bi harusi: nimeona kwamba kwenye shoti za kisimani piko, ile rangi nyeusi ya urembo, mikononi mwake limekoza, kwenye shoti za kitandani limefifia kama limekaa siku kumi. Nadhani mlipiga, pesa zikaisha, mkarudi baadaye. Mhariri mwengine angekwambia utie rangi kwa kompyuta, fremu moja moja, utalia. Mimi nakwambia mpe msimulizi wake, awe somo yake aliyemfunda, ahesabu siku za fungate: "Siku ya kwanza alikuwa mzima. Siku ya tatu kakataa kula." Piko likififia machoni kwa watu na sauti ikihesabu, kosa lako limekuwa saa. Wataona mwili wa bibi harusi unakauka rangi. Na mwisho ambao hamkuupiga, somo aseme kweli: "Mie sikuingia kisimani. Nilisikia ndoo." Kisha tusikie ndoo.

Ya mlinzi ina matatizo mawili, na hilo la diski ndilo dogo. Nyuma ya mlinzi, kwenye shoti ya mchana, karafuu zimeanikwa juu ya majamvi. Sini hiyo hiyo ukigeuza kamera, majamvi hakuna na minazi inalalia upande mwengine. Shoti moja ya msimu wa upepo wa kaskazi, nyengine ya kusi. Mpemba yeyote atajua kwamba miezi imepita kati ya mtu kuuliza na mwenzake kujibu. Hapo kata. Usijaribu kuokoa mazungumzo yale, ambayo hata hivyo sauti yake imepotea. Bakisha mlinzi peke yake usiku, dakika sita au saba, tochi na miguu juu ya majani makavu, na mengine ayaseme mwenyewe pale uwanjani. Sauti irekodini upya chumbani, madirisha yamefungwa, magodoro yamesimamishwa ukutani. Tafuteni majani makavu ya mkarafuu yale yale, msitumie karatasi, masikio yanajua. Na aseme Kipemba chake. Nimesikia kwenye klipu moja mmeanza kusema Kiswahili cha runinga, nadhani mlikuwa mnafikiria soko la bara. Mtu anayeogopa husema kama mama yake alivyomfunza kusema.

Jambo dogo: dakika ya tatu ya klipu ya mlinzi, sini inayotakiwa kuwa usiku wa manane, kwa mbali kuna adhana ya alfajiri. Usiifute. Isogeze iwe mwisho wa filamu yote, pale moto umebaki majivu.

Sasa gari la ng'ombe. Hii ndiyo hadithi ambayo sitaki uiguse sana, na hapa nitakwenda taratibu.

Mwaka 1965 Kwaidan ya Masaki Kobayashi ilipata tuzo maalumu ya majaji kwenye tamasha la filamu la Cannes. Ni hadithi nne za mizimu za Kijapani, urefu wake dakika 183. Kobayashi alipiga sehemu kubwa ndani ya banda la ndege lililokuwa halitumiki, mbingu zake zikiwa za kuchorwa kwa mikono, na gharama zikapanda mpaka kampuni iliyoitayarisha ikafilisika. Ni kinyume cha treni kabisa: huku mtu mmoja alikusudia kila fremu, kule hakuna aliyekusudia chochote. Lakini ilipopelekwa Marekani, hadithi moja nzima kati ya zile nne, ya mwanamke wa theluji, ilitolewa ili filamu iwe fupi. Filamu ikaendelea kusimama, kwa sababu zile zilizobaki hazikuguswa ndani. Chukua funzo hilo la kazi: ukilazimika kupunguza, ni bora utoe hadithi nzima kuliko kuzikonda zote.

Ndani ya filamu hiyo kuna kipofu mpiga ala, Hoichi, ambaye mizimu inamwita usiku akaiimbie. Ili kumkinga, wanamwandika maandishi matakatifu mwili mzima, uso, mikono, nyayo. Wanasahau masikio. Mzimu unapokuja hauoni mtu, unaona masikio mawili tu yamesimama gizani, unayachukua. Sisi tuliokua tukinyweshwa kombe, yale maandishi ya Kurani yaliyooshwa kwa maji, tukivishwa hirizi, hadithi hiyo tunaielewa bila tafsiri.

Nimeikumbuka kwa sababu ya ng'ombe wako. Kwenye klipu ya kwanza, baada ya abiria kupanda, kandili linaning'inia chini ya gari, tunaona miguu ya abiria tu, na kijana anapiga mluzi ng'ombe aende. Ng'ombe haendi. Kisha sikio lake moja, la kushoto, linageuka nyuma. Linabaki hivyo. Mwenye gari hajasikia kitu, sisi hatujasikia kitu. Sijui kama mlilingoja au lilitokea lenyewe, lakini shoti hiyo ina sekunde kumi na moja na nilizihesabu nikiwa nimeshika pumzi. Usikate hata moja. Usitie muziki.

Hadithi hiyo iache nzima, kama mlivyoipiga, hadi pale kijana wenu alipoondokea. Mwisho wake hauhitaji muigizaji aliyeko Muscat. Piga alfajiri moja tu: ng'ombe anarudi nyumbani peke yake, gari tupu, kandili bado linawaka. Ng'ombe hujua njia ya kwao. Anayesimulia uwanjani awe yule aliyefungua mlango asubuhi ile.

Mpangilio. Usiweke gari la ng'ombe mwisho eti kwa kuwa ndiyo bora. Mpangilio una nguvu kubwa. Black Sabbath ya Mario Bava ya mwaka 1963 ilipofika Marekani waligeuza zamu ya hadithi zake tatu na kubadilisha maana ya moja, na watu waliokuwa wakiitazama huko walikuwa wakitazama filamu nyengine. Mimi ningeanza na mlinzi, kwa kuwa ni fupi na inafundisha masikio kusikiliza. Kisha gari la ng'ombe. Kisha bi harusi. Na somo, anayesimulia ya bi harusi, akae karibu kabisa na yule aliyejifunika kanga.

Watu wa uwanjani wawe wachache, na kila mmoja awe na kazi. Waingereza walipotengeneza Dead of Night mwaka 1945 walikuwa na hadithi tano na nyumba moja ya shamba iliyozifunga. Wasambazaji wa Marekani wakatoa mbili, lakini wahusika wake wakabaki wamekaa ndani ya nyumba ile, watazamaji wakawa wanajiuliza hawa ni akina nani. Ukija kutoa hadithi ya mlinzi kesho kwa sababu sauti imeshindikana, mtoe na mlinzi uwanjani. Kwa hivyo piga sini za moto mara mbili, yumo na hayumo. Itakugharimu usiku mmoja zaidi.

Kama wadogo zenu watakuwepo kwenye sini za usiku, wapige mapema, wakati wa magharibi, kisha wapelekeni wakalale; kwenye shoti za mbali jifunikeni nyinyi wenyewe shuka muwe watoto waliolala. Moto uwe na mtu wake mmoja mwenye ndoo za maji na mchanga ambaye hafanyi kazi nyengine usiku huo. Mwaka 1982, California, wakati wa kupiga Twilight Zone: The Movie, helikopta ilianguka kwa sababu ya milipuko ya kuigiza, ikaua muigizaji Vic Morrow na watoto wawili walioajiriwa kinyume cha sheria na kufanyishwa kazi usiku wa manane. Waliokuwa na dhamana walifikishwa mahakamani na kuachiwa mwaka 1987. Watoto hawakurudi. Wewe huna helikopta, lakini una petroli kwenye dumu la jenereta hatua nne kutoka kwenye moto. Nimeliona kwenye picha uliyonitumia. Liondoe.

Sasa karatasi. Nilikwambia zile filamu tatu za treni zilikuwa na mwandishi mmoja. Naamini hiyo ndiyo sababu mabaki yale yaliweza kuwekwa pamoja. Zenu ziliandikwa na watu sita tofauti, na mmoja yuko ng'ambo. Mwandikie kijana wa Muscat kabla hujafungua programu ya kuhariri. Mweleze filamu imebadilika, mtumie sini zake, apate kusema ndiyo au hapana. Kila mmoja atie saini, hata karatasi moja ya daftari yenye mashahidi wawili, kisha mkaisajili kazi kwenye ofisi ya hakimiliki.

Nakusisitiza kwa sababu nililiona. Zamani niliwahi kuhariri mchezo wa mtayarishaji mmoja hapa mjini, haukuisha. Baada ya miaka miwili nikakuta sini zangu ndani ya filamu nyengine ya uchawi. Mama mmoja, mtu mzima, aliyekuwa ameigiza akilia msibani, machozi yale yale yamewekwa mbele ya ungo na tunguri, amekuwa mchawi anayemlilia shetani wake. Hakuulizwa. Watoto wa mtaani kwake wakawa wanamkimbia. Alikuja kazini kwangu akakaa kwenye kiti, akaniomba nimuoneshe, nikamuonesha, akatazama mpaka mwisho akasema: "Lakini mie pale nilikuwa namlilia mwanangu." Kwenye mchezo wetu, mwanawe alikuwa amekufa. Sikuwa na la kumjibu, na kata ile ya kwanza ilikuwa ya mkono wangu.

Kwa hivyo muulize na bi harusi wako. Alikubali kuwa mtu aliyepotea kisimani, hakukubali kuwa kitu kinachotoka kisimani. Kama kwenye uhariri utaona inafaa zaidi awe hivyo, mpigie simu kwanza.

Sauti ya gari la ng'ombe nitumie faili la asili, lile ambalo hujalibana, na usiligeuze jina. Nataka nisikilize zile sekunde kumi na moja peke yake. Nahisi chini kabisa, nyuma ya mluzi, kuna mlio wa mnyororo, na kama upo tutaurudisha alfajiri pale gari linaporudi tupu.